Mwongozo kamili: Kutembea na watoto mabonde ya Ojców, halafu ndo muingie Kraków (Poland)

Familia nyingi zinazoenda Kraków zinafanya hivi: wanatua, wanaanza na mji, siku mbili tatu wanazunguka makanisa na makumbusho, watoto wanachoka na kuanza kununa, halafu siku ya mwisho ndo mtu anakumbuka kumbe nje ya mji, kaskazini, kuna hifadhi ya Ojców yenye mabonde mazuri ajabu, na muda umeisha. Mimi nashauri geuza. Anza na mabonde, mji uje baadaye. Sababu kubwa sio hewa safi wala mazoezi, sababu ni kwamba stori ya mji ule inaanzia kule kwenye mapango, na mtoto akishaiona kule, ukimpeleka kanisani Kraków anakuwa anatafuta kitu, haburuzwi tu.

Na hata mto unafuata njia hiyo hiyo. Mto Prądnik unapita kwenye bonde la Ojców, unateremka kusini mpaka Kraków, kule chini watu wanauita Białucha, halafu unaingia mto mkubwa wa Wisła ndani ya mji. Kwa hiyo mnafuata maji.

HATUA YA 1: Chagua muda

Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba, basi. Julai na Agosti ni sawa kama shule za watoto zinawabana ila wikiendi Ojców inajaa watu wa Kraków wote, parking inakuwa vita, kwa hiyo kama ni kiangazi nendeni Jumanne au Jumatano. Oktoba misitu inageuka rangi, majani ya njano na mekundu juu ya mawe meupe, mtoto aliyekulia Dar au Mombasa hajawahi kuona kitu kama hicho. Desemba na Januari msijaribu na watoto wadogo, jua linazama mapema, Desemba ni kabla hata ya saa kumi jioni, mapango ya utalii yanafungwa msimu wa baridi na njia zinakuwa barafu.

Poland iko ndani ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo kama mnaishi Ujerumani au Uholanzi na vibali vyenu mnapita tu, kama mnatoka nyumbani mnahitaji viza ya Schengen, anzeni mapema maana ya familia nzima ina makaratasi mengi. Hela yao ni zloti, sio yuro, na hili linawashtua wengi. Kadi zinakubalika karibu kila mahali mjini ila mabondeni beba keshi kidogo, ya parking, ya choo na ya chakula cha vibandani.

HATUA YA 2: Fikia Kraków, lala Kraków

Msihangaike kutafuta hoteli porini. Laleni mjini, karibu na stesheni kuu ya Kraków Główny au kwenye laini ya tramu, mkatembee mchana na kurudi jioni. Uwanja wa ndege uko Balice, kuna treni inaingia moja kwa moja Kraków Główny kama dakika 20 hivi. Tiketi za tramu na basi ukishanunua ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kimashine ndani, tiketi isiyogongwa ni sawa na huna tiketi, na wakaguzi hawana habari na "sikujua". Pakua programu ya Jakdojade, inakuambia tramu ipi na saa ngapi, na tiketi unanunua humo humo.

Jambo moja linalowaumiza wageni: Jumapili nyingi maduka makubwa yanafungwa kwa sheria. Supamaketi zote kimya. Kinachobaki wazi mara nyingi ni vile viduka vidogo vya Żabka, jina lake maana yake chura mdogo, na migahawa. Kwa hiyo maji, ndizi, mikate na juisi za safari ya Jumapili nunueni Jumamosi.

HATUA YA 3: Pakia vitu, usibebe nyumba

Viatu vyenye soli inayoshika. Mawe ya kule ni chokaa, yakilowa yanateleza kama sabuni, na ndani ya mapango sakafu ina unyevu mwaka mzima. Sweta kwa kila mtu hata kama nje ni joto la nyuzi 28, maana ndani ya pango ni nyuzi 7 au 8 muda wote, na mtoto aliyetoka jasho akiingia na fulana atatetemeka. Koti jepesi la mvua. Maji ya bomba Kraków yananyweka, jaza chupa asubuhi.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu: bonde kuu la Prądnik lina barabara ya lami, kigari kinasukumika vizuri kabisa. Ila kwenda mapangoni ni ngazi, mizizi na mawe, kigari hakiendi, hapo mbebeni. Kama una kanga au mbeleko na umezoea, ni bora kuliko kile kibegi cha bei mbaya cha kubebea watoto, inakunjwa ndogo, ni blanketi, ni taulo, ni kitambaa cha kukalia mkila.

Halafu kupe. Hili nalisema kwa uzito kabisa maana watu wa kwetu tunajua kupe ni wa ng'ombe. Ulaya ya kati kupe wa majani wanaambukiza binadamu, kuna ugonjwa wa Lyme na kuna ugonjwa wa ubongo unaotokana na virusi. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, dawa ya kufukuza wadudu, na kila jioni kabla ya kuoga kagueni watoto: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, kichwani ndani ya nywele, na kama mtoto ana nywele za kusuka pitisha vidole kwenye kila mstari. Ukimkuta usipake mafuta wala usimchome na kiberiti, chukua kibano, mshike karibu na ngozi kabisa, vuta taratibu na moja kwa moja. Siku au wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linapanuka kwenye ngozi, au homa, nenda kwa daktari na umwambie kupe alimuuma. Wanaoishi Ulaya waulize kliniki yao kuhusu chanjo ya ule wa virusi, ipo.

HATUA YA 4: Jifunze kusoma njia kabla hujaanza

Poland wana mfumo mzuri sana wa njia za kutembea. Kwenye miti na mawe utaona mistari mitatu ya rangi, nyeupe juu, rangi katikati, nyeupe chini. Hiyo rangi ya katikati ndo njia yako. Muhimu: rangi haisemi ugumu. Nyeusi sio ngumu zaidi na kijani sio rahisi, ni jina la njia tu. Nukta ya rangi ndani ya duara jeupe maana yake njia inaanzia au inaishia hapo. Vibao vya makutano vinaandika muda wa kutembea, na huo muda ni wa mtu mzima asiyesimama, kwa hiyo na watoto mimi nazidisha mara mbili na sijutii.

Mpe mtoto mkubwa kazi ya kutafuta mistari. Anatangulia, akiiona anapiga kelele, na ghafla yule aliyekuwa anauliza "tumefika?" ndo anawaongoza. Tena inafanya kazi kuliko pipi.

Kanuni yangu kuu ya mabonde yote: mpando mmoja kwa siku. Chini bondeni ni tambarare, bibi anatembea, mjamzito anatembea, wa miaka minne anatembea. Kinachoua familia ni ule mpando wa pili mtu anaouongeza saa nane mchana eti "tumeshafika huku, tumalizie".

HATUA YA 5: Siku ya Ojców

Hifadhi ya Taifa ya Ojców ndo ndogo kuliko zote Poland, kilomita za mraba 21 na ushee tu, imeanzishwa 1956, nembo yake ni popo. Iko kaskazini ya Kraków, kwa gari ni kama nusu saa au zaidi kidogo kutegemea foleni. Kuna mabasi madogo kutoka Kraków, ila ratiba zinabadilika na wikiendi ni tofauti na siku za kazi, kwa hiyo cheki usiku wa kabla, na la muhimu zaidi cheki basi la mwisho la kurudi. Kwa gari parking zipo Czajowice juu, Złota Góra, na chini karibu na magofu ya kasri. Fika kabla ya saa tatu na nusu asubuhi.

Anzia kwenye magofu ya kasri la Ojców. Lilijengwa na mfalme Kazimierz, karne ya 14, limebaki lango na mnara. Waambie watoto walikumbuke jina la Kazimierz na baba yake, Władysław Łokietek, mtahitaji baadaye.

Kutoka hapo fuateni njia nyekundu kusini kando ya mto. Hii nyekundu ni kipande cha Njia ya Viota vya Tai, inaunganisha Kraków na mji wa Częstochowa, zaidi ya kilomita 160, nyinyi mnakula kilomita moja tu. Mto ni mdogo, maji meupe safi, kuta za mawe pande zote mbili zinapanda juu ya miti. Baada ya kama dakika 15 au 20 mnafika Brama Krakowska, nguzo mbili za jabali zimesimama kama lango, mita 15 hivi, na zamani njia ya wafanyabiashara kutoka Kraków kwenda jimbo la Silesia ilipita hapo katikati. Pembeni kuna kachemchemi wanakoita Chemchemi ya Mapenzi, watoto watataka kuchezea maji, waache, ila wasinywe.

Sasa ndo mpando wenu mmoja. Pitia kati ya hilo lango, fuata bluu, inapanda kwenye korongo la msitu mpaka Pango la Łokietek. Kwa mtoto wa miaka mitano mpaka saba hesabu dakika 45 mpaka saa nzima na kupumzika, wa miaka kumi atawaacha. Pangoni mnaingia na muongozaji kwa makundi, inachukua nusu saa hivi, njia za ndani zina urefu wa mita 320 na taa zipo.

Stori yenyewe: mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzo wa 14 Łokietek alikuwa anagombania ufalme na Wacław wa Pili, mfalme wa Bohemia, ndo Ucheki ya leo. Alikimbia akajificha humu. Wanasimulia kwamba askari walipofika mdomoni mwa pango walikuta buibui ameshafuma utando, wakasema hapa hajaingia mtu, wakapita. Geti la chuma la kuingilia limetengenezwa kwa umbo la utando wa buibui kwa ajili hiyo. Mtoto yeyote aliyesoma madrasa atakurukia hapo hapo, maana anaijua hijra na Pango la Thaur, na buibui aliyefuma mlangoni Mtume na Abubakar wakiwa ndani. Msimnyamazishe, mwacheni asimulie. Watu wa mbali wasiojuana wamebeba picha ile ile ya kiumbe dhaifu kabisa anayemlinda mtu anayewindwa, na kwangu mimi hicho ni kitu cha kumfanya mtoto apende dunia. Ndani watawaonyesha ukumbi wa mashujaa, jiko na chumba cha kulala cha mfalme.

Rudini kwa njia ile ile. Najua watu wanapenda mzunguko ila na watoto njia wanayoijua inaenda haraka, wanajua wapi kuna kachemchemi na wapi kuna lile gogo.

Mkishafika chini, kuleni. Bonde hili lina mabwawa ya trauti, samaki anachomwa au kukaushwa kwa moshi, anauzwa na mkate, na kwa asiyekula nguruwe hiki ndo chakula cha uhakika. Kuhusu nguruwe niseme kabisa: pierogi ruskie, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, zina viazi na jibini ndani, hazina nyama, ila mara nyingi juu wanamwaga vipande vya mafuta ya nguruwe vya kukaanga, kwa hiyo sema "bez skwarek" wakati wa kuagiza. Supu ya żurek karibu siku zote ina soseji. Soseji wenyewe chukulia ni nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo.

Kama nguvu zimebaki tembea lamini kaskazini kidogo mpaka kanisa dogo la mbao lililojengwa juu ya maji mwaka 1901, limekanyaga ng'ambo zote mbili za mto. Wakati huo eneo hili lilikuwa chini ya Urusi, na wanasimulia kwamba mfalme wa Urusi alikataza kujenga kanisa kwenye ardhi ya Ojców, basi wakajenga juu ya maji. Watoto wanaelewa ujanja huo bila maelezo mengi.

Wenye gari malizieni Pieskowa Skała, kilomita chache kaskazini kwenye bonde hilo hilo. Kasri zima, sio gofu, lina ua wenye matao, na chini yake limesimama Maczuga Herkulesa, jiwe la mita 25 hivi, nene juu jembamba chini, mpaka unashangaa limesimamaje. Kusema kweli kutembea kwa miguu kutoka Ojców mpaka hapo na watoto sishauri, ni mbali na sehemu kubwa mnakuwa kando ya barabara ya magari.

Kaa kwenye njia, msichume maua, msiwashe moto, popo msiwaguse. Mle mapangoni binadamu wa Neanderthal, aina ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, waliishi, kwenye Pango la Ciemna hapo hapo Ojców wataalamu walipata mifupa midogo ya vidole vya mtoto wa Neanderthal, umri wake kama miaka 115,000, ikatangazwa 2018. Hicho kidole alikuwa nacho mtoto wa umri wa chekechea au darasa la kwanza, waambie wanao.

HATUA YA 6: Siku ya mapumziko, halafu bonde la pili

Kesho yake msitembee mabondeni. Miguu ya watoto haisemi inauma, inageuka hasira. Lala, nenda kando ya mto Wisła mjini, kuna nyasi na njia za baiskeli, mnunulieni kila mtu obwarzanek, mkate wa duara wenye ufuta au chumvi unaouzwa kwenye vigari mitaani.

Bonde la pili chagua kulingana na umri, yote haya yako magharibi na kaskazini magharibi ya mji na gari linarahisisha sana. Watoto wadogo, nenda Dolina Mnikowska (dolina ni bonde), fupi, tambarare, na kwenye ukuta wa jabali kuna picha kubwa ya Bikira Maria iliyochorwa 1863. Watoto wakubwa wanaopenda kuona watu wakining'inia kwa kamba, nenda Dolina Kobylańska, ni ya wapanda miamba, kaeni kwenye nyasi mtazame. Familia yenye miguu imara, Dolina Będkowska, ndefu kuliko zote, ina maporomoko madogo ya Szum na jabali la Sokolica ambalo ukisimama chini yake shingo inauma kulitazama. Hakuna haja ya kumaliza bonde. Nendeni nusu, kuleni, rudini.

HATUA YA 7: Sasa ingieni mji

Kraków mjini kati ni mdogo, mnatembea wote. Ingieni kutokea kaskazini, Barbakan, ngome ya zamani ya duara, na lango la Florian, nyosha mtaa wa Floriańska mpaka uwanja mkuu, Rynek Główny, kama mita 200 kwa 200, ulipangwa mwaka 1257. Fikeni dakika tano kabla ya saa kamili mkasimame chini ya mnara mrefu wa kanisa la Mariacki. Kila saa kamili, mchana na usiku, mpiga tarumbeta anafungua dirisha anapiga upande mmoja, halafu wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mara wimbo unakatika ghafla. Wanasimulia mlinzi wa zamani alikuwa anawaamsha watu Watatari walipovamia, akapigwa mshale wa koo katikati ya noti. Punga mkono, wakati mwingine anakupungia.

Mji huu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, kwenye kundi la kwanza kabisa la maeneo 12, pamoja na makanisa ya Lalibela ya Ethiopia na kisiwa cha Gorée cha Senegal. Mimi hiyo nawaambia watoto kwa makusudi, wasije wakadhani historia ni ya wenzetu peke yao.

Kutoka uwanjani teremkeni mtaa wa Grodzka mpaka kilima cha Wawel. Na hapa ndo mpangilio wangu unalipa. Ndani ya kanisa kuu la Wawel waambie watoto: mtafuteni yule wa pangoni. Kaburi la Łokietek liko humo, alivikwa taji 1320 kwenye kanisa hilo hilo, na mwanae Kazimierz, yule wa magofu ya Ojców, naye kalala humo. Mtoto aliyesimama kwenye jiko la mtu pangoni anakaa kimya mbele ya kaburi lake bila kuambiwa. Mkianza na mji haya ni mawe ya wafalme tu.

Halafu shukeni kwenye joka. Chini ya kilima kuna sanamu ya joka linalotema moto kweli, kila baada ya dakika kadhaa, na pango lake, Smocza Jama, linafunguliwa msimu wa joto, mnateremka kwa ngazi za mzunguko. Wanasimulia fundi viatu alijaza kondoo salfa, joka likamla, likaungua kiu, likanywa maji ya Wisła mpaka likapasuka.

Wakatoliki mtataka Łagiewniki, pale alipoishi na kuzikwa Sista Faustina, ndipo ibada ya Huruma ya Mungu tunayoijua nyumbani ilipotoka. Tramu inafika. Nenda asubuhi, sio Jumapili ya Huruma kama una watoto wadogo, umati ni mkubwa mno.

Migodi ya chumvi ya Wieliczka ni nzuri ila ngazi za mwanzo peke yake ni 380 kwenda chini, na nzima ni kama saa mbili mpaka tatu, naona iwe kuanzia miaka sita. Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi ambayo sasa ni makumbusho, wenyewe wanashauri wasiende walio chini ya miaka 14, na mimi nasema heshimuni hilo, mzazi mmoja aende, mwingine abaki na wadogo, mbadilishane kesho.

Na watu wa Arusha, mkikaa na wenyeji watajieni Tengeru. Wakati wa vita ya pili ya dunia maelfu ya Wapolandi, wengi wanawake na watoto waliotolewa Urusi wakapitia Uajemi, waliishi pale kambini, na makaburi yao yapo mpaka leo. Sio wote wanaijua hiyo stori, kwa hiyo nendeni na picha ya makaburi kwenye simu.

HATUA YA 8: Vidogo vinavyookoa siku

Vyoo: mlango wenye duara ni wa kike, wenye pembetatu ni wa kiume, wafundishe watoto kabla hawajabanwa. Dharura ni 112, bure kwa simu yoyote. Pakua ramani ya nje ya mtandao ya Ojców usiku wa kabla maana kwenye makorongo mtandao unapotea. Mpe kila mtoto filimbi na kanuni moja, ukipotea kaa hapo hapo kwenye mstari wa rangi, piga filimbi, sisi ndo tutarudi.